Jenga Ukingo Kabla Mtu Hajaanguka

SOMO LA WIKI
Maandiko ya kusoma nyumbani: Kumbukumbu la Torati 22:8, Kutoka 5:6–18, Ruthu 2:4–16



Kumbukumbu la Torati 22:8 ni mstari ambao wengi wetu tunaupita mbio tukikimbilia baraka za sura ya 28. Hapo Mungu anamwambia mtu anayejenga nyumba mpya azungushie paa lake ukingo, ili mtu asije akaanguka kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Nyumba za wakati huo zilikuwa na paa tambarare, na watu walifanya kazi huko juu. Rahabu alikuwa ametandaza mabua ya kitani juu ya paa lake wakati alipowaficha wale wapelelezi (Yoshua 2:6). Kwa hivyo sheria hii inahusu pia mahali pa kazi.

Sasa angalia wakati wake. Mungu haongei na mwenye nyumba baada ya mtu kuanguka. Anaongea naye wakati wa kujenga, mawe bado yako chini. Sisi watu wa Majengo tuko wepesi sana wa kuchanga. Kijana akikatwa kidole na mashine, kesho yake kuna kikundi cha WhatsApp, na kufikia Jumapili bili ya hospitali imepungua. Hiyo ni neema na tuendelee nayo. Lakini mchango unakuja kidole kikiwa kimeshaenda. Ukingo unakuja kabla.

Somo la leo ni hili: kiongozi anaonyesha upendo kwa watu wake, kwanza, kwa jinsi alivyopanga mahali wanapofanyia kazi. Salamu nzuri na maombi ya asubuhi yajengwe juu ya hapo.

1. USISEME WEWE SI BOSI

Najua kuna mtu anasema, "Hii ni ya wenye makampuni, wacha nifungue ukurasa mwingine." Ngoja kidogo. Kama kuna mtu hata mmoja anayeamka asubuhi akijua siku yake itapangwa na wewe, wewe ni kiongozi wa kazi. Mama mwenye kibanda cha chapati na msichana wa kumsaidia ni kiongozi. Fundi wa cherehani mwenye wanafunzi wawili ni kiongozi. Mwenye kinyozi, mwenye saluni, mwenye matatu, mwenye stoo ya mitumba pale Gikomba anayewapa vijana beli wabebe, wote ni viongozi. Na wewe uliyeajiri dada wa kazi nyumbani, sebule yako na jikoni yako ni mahali pa kazi pa mtu. Kanisa pia ni mwajiri. Kuna mtu anafagia hapa na kuna mtu analinda geti usiku.

Nilisoma biashara chuoni kabla ya kuingia kwenye huduma. Tulifundishwa kuhesabu kodi, bidhaa, mkopo na faida. Mfanyakazi alikuwa anaonekana kwenye karatasi kama gharama, mstari mmoja tu, mishahara. Nikianza kutembelea waumini kwenye biashara zao nimeona jambo ambalo ule mstari hauonyeshi. Maduka mawili yanaweza kulipa mshahara sawa, moja watu wanakaa miaka, lingine kila mwezi kuna sura mpya. Tofauti mara nyingi unaiona ukisimama pale nusu saa tu: wanakaa wapi, wanakunywa nini, wanaingia choo gani, na nani anaulizwa mambo yakiharibika.

2. FARAO: KULAUMU MTU NA KUACHA KAZI ILIVYO

Kutoka sura ya 5 ni hadithi ya mahali pa kazi palipopangwa vibaya kwa makusudi. Farao aliondoa majani makavu waliyokuwa wakipewa ya kutengenezea matofali. Wakaambiwa wajitafutie wenyewe, na hesabu ya matofali ibaki ile ile. Walipokosa kufikisha hesabu, wasimamizi wao walipigwa. Na Farao aliposikia malalamiko, jibu lake lilikuwa nini? Kwamba hawa watu ni wavivu.

Wapendwa, hilo neno la Farao tunalisikia kila siku. "Vijana wa siku hizi ni wavivu." Inaweza kuwa kweli kwa mmoja. Lakini kabla hujalisema, jiulize kama majani yapo. Mwenye stoo anakasirika kwamba kijana anachelewesha mzigo, na mkokoteni una gurudumu limepinda tangu mwaka jana. Mama analalamika dada wa kazi anasahau mambo, na huyo dada analala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri. Mwenye saluni anashangaa mbona msusi ana hasira na wateja jioni, na msusi amesimama tangu saa mbili asubuhi bila mahali pa kukaa.

Kampuni ya magari ya Toyota kule Japani ilijulikana dunia nzima kwa jambo linalopinga kabisa mtindo wa Farao. Kwenye kiwanda chao waliweka kamba juu ya mstari wa kazi. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro, anavuta kamba, msimamizi anakuja, na ikibidi kazi yote inasimama mpaka ijulikane shida ilitoka wapi. Halafu wanauliza "kwa nini?" mara kadhaa, mpaka wafike kwenye mzizi. Mara nyingi mzizi unapatikana kwenye jinsi kazi ilivyopangwa. Kuna mtu kwako anaweza kuvuta kamba? Yaani, mdogo kabisa akikwambia "hapa kuna shida", anashukuriwa au anafokewa?

3. BOAZI: ALIPANGA SHAMBA LAKE

Tukisoma Ruthu 2 tunapenda kuongea habari ya ndoa. Leo soma ukimwangalia Boazi kama mwajiri.

Kwanza, anafika shambani mwenyewe na kuwasalimu wavunaji, nao wanamjibu. Hatawali kwa simu tu. Pili, anauliza habari za mtu mgeni aliyemwona, na msimamizi anamweleza, hata kwamba amepumzika kidogo kwenye kibanda. Kumbe shamba lilikuwa na kibanda! Mtu alikuwa amefikiria jua. Tatu, anawaamuru vijana wasimguse Ruthu. Hakungoja mwanamke asumbuliwe ndipo aitwe mkutano. Nne, anamwonyesha maji ya kunywa yako wapi, na anamruhusu kuyatumia. Tano, wakati wa chakula anamkaribisha aketi pamoja na wavunaji ale, naye akashiba na kubakisha.

Kivuli, usalama, maji, chakula, mahali pa kuketi. Hayo yote Boazi aliyaweka au aliyaamuru, na Ruthu hakuwa hata mwajiriwa wake. Alikuwa mjane mgeni anayeokota mabaki. Ukitaka kupima mahali pako pa kazi, usimuulize msimamizi. Angalia yule wa chini kabisa, yule wa kibarua cha siku moja, anaishi vipi hapo.

Sisi wa hapa tunalijua neno kivuli kuliko wengi. Kwani "jua kali" ilitoka wapi? Ni mafundi waliokuwa wakigonga mabati juani, bila paa juu ya kichwa. Pale Kamukunji, mwendo mfupi tu kutoka hapa, ndipo yanapotengenezwa masanduku ya shule, majiko na karai ambazo nchi nzima inatumia. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa eneo hilo, na baada ya hapo mabanda ya kufanyia kazi yakaanza kujengwa. Fikiria hilo. Sekta nzima ilipewa jina la kitu ambacho wafanyakazi wake walikosa, na hatua ya kwanza ya kuitambua ilikuwa kuwapa paa. Kiongozi akitaka kujua aanzie wapi, aulize tu: watu wangu wangepewa jina la nini wanachokosa?

4. KUFULI LA NJE

Hapa nataka tuongee polepole.

Kuna mazoea kwenye biashara zetu ya kumfungia mtu ndani. Kijana analala kwenye stoo kulinda mali, na mwenye duka anaweka kufuli kwa nje, anaondoka na ufunguo. Au dada wa kazi anafungiwa ndani ya nyumba na watoto mpaka jioni. Ukimuuliza mwenye mali, anakwambia kwa roho safi kabisa, "Pasta, ni wezi." Anamaanisha wezi wa nje, na wakati mwingine anamaanisha pia huyo wa ndani.

Tarehe 25 Machi 1911, jijini New York, kiwanda cha nguo cha Triangle kilishika moto. Wengi waliofanya kazi humo walikuwa wasichana wahamiaji, mafundi wa cherehani kama wetu. Mlango mmoja wa orofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wenye kiwanda walitaka wafanyakazi watokee mlango mmoja tu ili mikoba ikaguliwe, wasije wakatoka na vitambaa. Watu 146 walikufa, wengine kwa kuruka kutoka madirishani. Walikufa kwa ajili ya vipande vya nguo ambavyo labda hata havikuibwa.

Siku ile kulikuwa na mama mmoja kati ya waliosimama barabarani wakiangalia, anaitwa Frances Perkins. Hakuishia kulia. Alifanya kazi na tume iliyochunguza viwanda vya jimbo lile, sheria zikabadilishwa, na mwaka 1933 akawa Waziri wa Kazi wa Marekani, mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mawaziri la nchi hiyo. Alijenga ukingo ili wengine wasianguke.

Nasi tunaujua moto. Alfajiri ya tarehe 28 Juni 2018 Gikomba iliungua na watu 15 wakafa. Kila mwaka tunasikia ving'ora upande ule. Hapa petu vibanda vimebanana, stima imeunganishwa juu kwa juu, na mitumba inashika haraka. Mtu aliyefungiwa ndani kwa kufuli la nje hana dakika hata tano.

Ndugu yangu, dada yangu, kama usiku wa leo kuna mtu amelala ndani ya kufuli lako, usingoje ibada ya Jumapili ndipo utii neno hili. Weka komeo la ndani. Mpe ufunguo. Kama huwezi kumwamini na ufunguo, basi hustahili kumwacha alinde mali yako, na mali hiyo haistahili uhai wake. Sheria ya Kenya nayo iko wazi: mtu akiwa ndani anafanya kazi, mlango usifungwe kwa namna ambayo hawezi kuufungua mara moja kutoka ndani.

5. KAISARI NAYE AMESEMA

Wakati mwingine watu wa kanisa tunadhani mambo haya ni hisani, mtu akipenda afanye. Lakini mengi tayari ni sheria ya nchi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi aweke maji safi ya kunywa, mahali pa kunawa, na vifaa vya huduma ya kwanza. Inamtaka pia aweke viti kwa wanaofanya kazi wakiwa wamesimama, ili wakipata nafasi wapumzike. Ukiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, inataka kuwe na kamati ya usalama ambamo wafanyakazi wenyewe wana wawakilishi.

Sheria ya Ajira, pia ya mwaka 2007, inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo. Dada wa kazi hajaachwa nje ya hesabu hiyo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inawataka waajiri watenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa, na inakataza mahali hapo kuwa chooni. Wamama wangapi wa kanisa hili wamerudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu, wakajificha chooni wakikamua maziwa? Wanajua ninachosema.

Basi haifai mtu wa mataifa afanye haya kwa kuogopa faini, na sisi tuliosoma habari za Boazi tuwe nyuma yake.

6. "PASTA, NA PESA ITATOKA WAPI?"

Ni swali la haki, na nitalijibu kama mtu wa biashara.

Tuseme una saluni, na msaidizi anaondoka kila baada ya miezi minne. Kila mpya anachukua wiki mbili kuzoea wateja na kazi. Kwa mwaka umepoteza wiki sita za kazi nzuri, ukiacha wateja waliomfuata yule aliyeondoka. Weka hiyo upande mmoja. Upande wa pili weka stuli mbili, jerikeni ya maji ya kunywa, na ndoano ya kutundika mkoba. Fanya hesabu mwenyewe uone upande gani ni ghali.

Tena mambo mengine hayagharimu chochote. Dada mmoja ana cherehani nne kwenye chumba kidogo, zote zilikuwa zimeelekezwa ukutani. Siku moja aliwauliza wasichana wake ni nini kinachowachosha zaidi. Alitegemea waseme mshahara. Wakasema macho: mwanga unatoka nyuma, kivuli cha kichwa kinaanguka kwenye mshono. Walizigeuza mashine mchana huo huo. Kazi ya nusu saa. Lakini kwa miaka miwili alikuwa akiwakemea kwa mishono iliyopinda.

Ona kwamba alijua kwa kuuliza. Nehemia hakuanza na hotuba. Alizunguka ukuta usiku, akaona mwenyewe palipobomoka, ndipo akawaita watu wajenge (Nehemia 2:12–18). Na wewe zunguka. Siku moja kaa kwenye kiti cha mfanyakazi wako, ufanye kazi yake kutoka asubuhi mpaka jioni, uingie choo anachoingia. Mgongo wako utakufundisha.

Tahadhari moja. Usipange mahali pazuri ili kuficha mshahara mbaya. Chai na stuli havilipi kodi ya nyumba. Kumbukumbu la Torati 24:14–15 linataka kibarua alipwe siku hiyo hiyo kabla jua halijatua, kwa sababu anautegemea ujira huo. Malipo kwa wakati ni sehemu ya ukingo.

7. WEWE ULIYEAJIRIWA

Wengi wetu ndio tuko juu ya paa. Basi sema, kwa heshima, tena mapema. Ukienda kwa bosi, nenda na jambo moja, lieleze wazi, na useme unachofikiri kingesaidia. Mkiwa wawili au watatu ni vizuri zaidi. Ukiona hatari kubwa, sheria ile ya 2007 inakutaka umjulishe msimamizi wako, na mwajiri hana ruhusa ya kukurudisha hapo hatari ikiwa bado ipo. Akikataa kusikia, kuna maafisa wa kazi wa serikali, na kwenda kwao si dhambi wala si kumsaliti mtu. Paulo mwenyewe alidai haki yake kama raia wa Roma (Matendo 22:25).

Na unaposema, usimwangalie wa chini yako vile bosi anavyokuangalia wewe. Makanga aliyetukanwa na mwenye gari asimalizie hasira kwa mtoto wa kuita abiria.

JAMBO LA KUFANYA WIKI HII

Jumatatu: muulize kila anayefanya kazi chini yako swali moja, "Ni nini hapa kinachokuchosha au kukuumiza ambacho mimi sikioni?" Nyamaza usikilize. Usijitetee.

Jumatano: rekebisha jambo moja ambalo halihitaji pesa.

Ijumaa: taja tarehe ya kurekebisha jambo moja linalohitaji pesa, na uwaambie tarehe hiyo.

Kufuli la nje: leo.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kwa nini Mungu aliweka damu ya aliyeanguka juu ya nyumba ya mwenye paa, hata kama aliyeanguka hakuwa mwangalifu?
2. Ni mara gani umesikia neno "wavivu" mahali ambapo shida ilikuwa majani makavu?
3. Dada wa kazi nyumbani kwako anakula wapi, analala wapi, na siku yake ya mapumziko ni ipi?
4. Hapa kanisani, nani yuko juu ya paa bila ukingo? Leteni majibu ofisini, tutayasoma.

TUOMBE

Baba, umetupa watu wa kufanya kazi pamoja nasi. Tufungue macho tuone wanavyoishi mchana kutwa tunapowaacha. Utupe moyo wa kuuliza na mikono ya kujenga kabla mtu hajaanguka. Walinde wanaolala Gikomba usiku wa leo. Katika jina la Yesu. Amina.